Mania isiyoshuka: ni mania sugu, skizofrenia, skizoafektivu au hulka ya mtu tu? Tulinganishe

Jamani, leo naomba tukae na hiki kitu kidogo maana kinanikosesha amani kila nikifungua faili la mgonjwa wa siku nyingi. Mtu amepanda, yaani ameingia kwenye mania, hajashuka. Sio wiki mbili, sio miezi mitatu, ni miaka. Anaongea kutwa nzima, analala masaa machache anaamka mzima kabisa, anaamini amepewa kazi ya kuinyoosha dunia, anamsalimia kila anayepita kwa furaha, halafu ukifungua faili lake mwanzoni pameandikwa bipola (ugonjwa wa kupanda kwenye mania na mara nyingi kushuka kwenye sonona, ile huzuni nzito), katikati skizofrenia (ugonjwa wa kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo), mbele kidogo skizoafektivu (mchanganyiko wa hivyo viwili), na kule mwishoni mtu kachoka akaandika tu "ndivyo alivyo". Mgonjwa ni yule yule, tulioyumba ni sisi tunaomwandika.

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, wodini nimekaa miaka ya kutosha, na msimamo wangu nautoa mapema: mania ikishakaa sana usichague jina kwa kuangalia mtu alivyo leo, chagua kwa kalenda. Ilianza lini, kabla ya hapo alikuwa mtu wa aina gani, imewahi kukatika, na ilipokatika palibaki nini. Hayo maswali manne yanakutenganishia karibu kila kitu nitakacholinganisha hapa.

Kwanza tuelewane mania yenyewe ni nini. Kwa DSM-5, mwongozo wa Wamarekani wa magonjwa ya akili uliotoka 2013 (ukapitiwa upya 2022), ni furaha iliyopitiliza au kujitanua au hasira za karibu, PAMOJA na nguvu na shughuli kuongezeka, sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku, kwa angalau wiki 1, au muda wowote ule kama hali ilifika mahali pa kulazwa. Juu yake ziwepo dalili 3 kati ya 7, yaani kujikweza, kutohitaji usingizi, kuongea kupita kiasi, mawazo kukimbizana, akili kuvutwa na kila kitu, shughuli nyingi au kutotulia, na kujitosa kwenye mambo ya hatari kama kutapanya hela. Kama hali ni hasira tupu bila furaha, basi ziwe 4. Sasa angalia vizuri hapo. Wamekuwekea kima cha chini, kima cha juu hawajaweka. Wamesema isipungue wiki, ila hamna mahali wamesema ikizidi muda fulani inageuka ugonjwa mwingine.

Hilo nalisisitiza kwa sababu wengi wetu tulisomea ICD-10, kitabu cha zamani cha Shirika la Afya Duniani, ambacho kilieleza kwamba mania kwa kawaida hukaa kati ya wiki 2 na miezi 4 au 5, na nusu ya wagonjwa wanakuwa wameshatoka ikifika kama mwezi wa 4. Ile ilikuwa ni maelezo ya jinsi ugonjwa unavyoenda kwa watu wengi, lakini sisi tukaibeba kama sheria, ndo maana mgonjwa akivuka mwaka mtu anaanza kusema hii haiwezi kuwa mania tena, itakuwa skizofrenia. Inaweza. Na inatokea.

Watafiti wakisema mania sugu mara nyingi wanamaanisha mtu aliyekaa na dalili za mania zaidi ya miaka 2 mfululizo bila kupona. Giulio Perugi na wenzake kule Italia walitoa kazi yao 1998, wakakuta kama asilimia 13 ya wagonjwa wao wa mania walikuwa wamekwenda huko kwenye usugu. Na kitu walichokiona kwenye sura ya ugonjwa ndo kinachotuponza mpaka leo: furaha na imani za ukuu zilikuwa zimejaa tele, lakini kukosa usingizi, kutotulia na hamu ya ngono vilikuwa vimepungua ukilinganisha na wale wa mania ya kawaida. Yaani moto wa mbele umezimika, makaa yamebaki. Wewe umezoea mania ya mtu anayekimbia koridoni usiku wa manane, sasa unakutana na mtu ametulia kwenye benchi, amelala masaa matano au sita, anakuelezea taratibu na kwa tabasamu kwamba yeye ndiye aliyeteuliwa, na anakuonea huruma kwamba hujui. Hapo ndipo mkono unakwenda wenyewe kuandika skizofrenia.

Na usije ukadhani ni ugonjwa uliogunduliwa juzi. Kraepelin, daktari wa akili Mjerumani aliyetenganisha ugonjwa wa mania na sonona kutoka kwenye kile tunachokiita leo skizofrenia, mwishoni mwa karne ya 19, mwenyewe alieleza kwamba kuna mania zinazokaa miaka. Mwaka 1929 Fredric Wertham kule Marekani akaandika kuhusu wagonjwa wa aina hiyo hiyo. Ila ukikuta rejista za hospitali za vichaa za karne ya 19 zimeandika "mania sugu" kwa mamia ya watu usizichukulie hivyo hivyo, maana enzi hizo neno mania lilibeba karibu kila aina ya kurukwa na akili, mle ndani wamo wa skizofrenia, wamo wa kaswende ya ubongo, wamo wengi.

DSM au ICD, upi unakusaidia zaidi?

Ukweli unaoniuma ni kwamba hakuna hata mmoja wenye sanduku la mania sugu. Sonona ikikaa miaka 2 ina jina lake kwenye DSM-5, na ICD-11, toleo jipya la kile kitabu cha Shirika la Afya Duniani, inakuruhusu kuandika kwamba episodi (kipindi kimoja cha ugonjwa) ya sonona ni ya kudumu ikizidi miaka 2, hata kwa mtu wa bipola. Mania? Hamna. Unaandika bipola aina ya 1 (ile yenye mania kamili), episodi ya sasa ni mania, ina au haina dalili za saikosisi (kusikia sauti, imani potofu), basi, aliyeanza jana na aliyeanza miaka minne iliyopita wanapewa jina moja.

ICD-10 ilikuwa mbaya zaidi kwa hawa watu. Ili uitwe bipola ilitaka angalau episodi 2. Sasa mtu amepanda mara moja tu maishani na hajawahi kushuka, episodi ya pili itatoka wapi na ya kwanza haijaisha? Akabaki na namba ya ugonjwa ya "episodi moja ya mania", F30, miaka na miaka, na anayesoma faili akiona "episodi moja" anadhani ni jambo dogo lililopita. ICD-11, ambayo ilianza kutumika rasmi Januari 2022, imerekebisha hapo, episodi moja ya mania inatosha kuitwa bipola aina ya 1, sawa na DSM. Kama sehemu yako bado inatumia ICD-10 basi jua huo mtego upo.

Tofauti nyingine ni kuhesabu. DSM inakuhesabia dalili, ICD-11 inasema ziwepo dalili kadhaa na inakuachia uamuzi. Zote mbili siku hizi zinataka hali ya moyo ibadilike NA nguvu ziongezeke kwa pamoja, moja tu haitoshi. Kwa mania iliyochakaa, mimi naona ICD-11 inakaa vizuri zaidi kwa sababu dalili zikipungua makali unaweza bado ukaiona picha nzima, kuliko kukwama kwamba leo nimepata 2 sijapata 3. Lakini tukifika kwenye skizoafektivu ninageuka, nakwenda upande wa DSM, na sababu nakuja nayo sasa hivi.

Mania sugu, skizofrenia na skizoafektivu

Hapa ndo penye kazi kwa hiyo nitakaa.

Kuna kaka mmoja aliletwa wodini kwetu, ameshaandikwa skizofrenia sehemu nyingine kwa miaka, anachoma sindano ya mwezi, na kila aliyemsoma alirudia lile lile kwa sababu alikuwa anasikia sauti na anaamini ni mjumbe. Dada yake akaja na daftari kubwa la jalada gumu. Alikuwa ameandika karibu kila usiku, saa aliyolala, saa aliyoamka, na pembeni herufi S kama siku hiyo alisikia sauti, na R kama alikuwa na raha yake ile. Kurasa zimechafuka, nyingine zimemwagikiwa chai, wino umebadilika mara tatu nne. Nikapitisha kidole kwenye ile safu ya pembeni. R, R, R, R, ukurasa baada ya ukurasa, zaidi ya miaka mitatu. Na zile S zimejikusanya kwenye yale majuma ambayo usingizi ni masaa mawili au matatu. Akaniambia hivi: "Sista, akilala sauti zinaondoka. Raha ndo haiondoki."

Sentensi hiyo ina uzito kuliko kurasa nyingi za lile faili. Kwenye skizofrenia maruweruwe na imani potofu ndo nguzo, hali ya moyo inakuja na kuondoka au inafifia kabisa, mtu anajitenga, uso unakauka, hamu ya kufanya kitu inakufa. Huyu ilikuwa kinyume, raha ndo nguzo, sauti ni wageni waliokuwa wanakuja kiasi mania ikipanda. Kwa hiyo yale ya saikosisi yalikuwa yanaifuata mania.

Sasa skizoafektivu. DSM inasema ili uiandike, lazima katika maisha ya ugonjwa kuwe na wiki 2 au zaidi ambapo maruweruwe au imani potofu zipo huku hakuna episodi ya mania wala sonona kubwa. Kipimo kizuri sana, lakini kwa mania sugu kina tatizo ambalo sijaona watu wakilisema vya kutosha: kinahitaji dirisha. Kinahitaji hali ya moyo itulie ili uone kama sauti zinabaki peke yake. Mtu ambaye mania haijakatika miaka mitatu hana hilo dirisha, kwa hiyo huwezi kusema amefaulu wala amefeli. Unachoweza kufanya ni kukigeuza: badala ya kuuliza kama saikosisi imewahi kubaki bila mania, uliza kama mania imewahi kubaki bila saikosisi. Ikiwa imebaki wiki nyingi, kama kwenye lile daftari, mimi naegemea bipola bila kusita sana. Pia rudi nyuma kabla ya hii episodi ndefu, maana wengi wa mania sugu walishawahi kuwa na episodi fupi zikapona, na kule kwenye zile za zamani dirisha lipo, waulize wazazi na ndugu baada ya kushuka alikuwaje, alirudi kuwa yule yule au alibaki na mambo yake ya ajabu.

ICD-11 inaangalia tofauti. Yenyewe inataka vigezo vya skizofrenia vitimie vyenyewe kikamilifu wakati huo huo mtu yuko kwenye episodi ya mania au sonona, vikae pamoja angalau mwezi 1. Haihitaji dirisha. Inaonekana rahisi, ila ukiitumia kwa mtu wa mania sugu mwenye saikosisi nzito unaweza kujikuta unamwita skizoafektivu mtu ambaye DSM ingemwita bipola yenye saikosisi, mgonjwa mmoja siku moja. Ndo maana nimesema hapa nageuka. Kama dalili za saikosisi zinaendana na hali ya moyo (ana furaha na anaamini ni mkuu) na zinapanda na kushuka na mania, mimi ningebaki na bipola, na ICD-11 yenyewe bado inakupa nafasi hiyo ya bipola yenye saikosisi.

Ni ndefu kweli, au ni fupi nyingi?

Swali hili liulizwe kabla hata hujaandika neno sugu. Familia ikikwambia "mwaka mzima yuko juu" usiandike mwaka, omba miezi. Kuna wanaopanda na kushuka haraka, episodi 4 au zaidi ndani ya miezi 12, na kwa mtu anayeishi nao ndani ya nyumba inaonekana kama moto mmoja usiozimika kwa sababu zile siku za sonona mgonjwa amejifungia na hakuna anayemsumbukia. DSM inahesabu mtu amepona kabisa akipita miezi 2 bila dalili za maana. Tumia hiyo miezi 2 kama rula yako. Na hapo hapo uliza dawa za sonona, maana wapo ambao wanaongezewa dawa ya sonona kila wakishuka kidogo, na hiyo dawa inaweza kuwa ndo inayowarusha juu tena.

Halafu hakikisha dawa zinamezwa. Tafadhali. Mania inayoitwa sugu wakati litiamu, dawa ya kushusha mania, iko mfukoni mwa koti sio sugu, ni mania isiyotibiwa. Pima damu, ichukuliwe masaa 12 baada ya dozi ya mwisho, kwa mania kali watu wanatafuta kama 0.8 mpaka 1.2 mmol/L, ukikuta 0.3 huna haki ya kusema litiamu imeshindwa.

Hulka na vile vingine

Wapo watu wameumbwa na nguvu. Wanalala kidogo tangu ujana, wachangamfu, wana mipango kumi, wanajiamini, na maisha yao yanakwenda. Wataalamu wakiwemo Hagop Akiskal wameiandikia sana hii hulka, wanaiita haipathimia, na wala DSM wala ICD-11 haijauweka kama ugonjwa. Kuitenga na mania sugu sio kazi ngumu kama inavyosemwa: mania ina tarehe. Ukimuuliza mama yake "alianza lini kuwa hivi?" kwa hulka atakwambia toka mdogo, kwa mania atakupa mwaka, mara nyingine atakupa na mwezi, na atakwambia kilichopotea hapo, kazi, ndoa, marafiki. Yule aliyeandika "ndivyo alivyo" kwenye faili alikuwa amesahau kuuliza hilo swali moja, na mgonjwa akakaa hivyo bila mtu kumgusa.

Saiklothaimia nayo inakaa miaka, angalau 2 kwa mtu mzima, lakini ni mawimbi madogo ya juu na chini ambayo hayafiki kimo cha mania, na mtu hapati zaidi ya miezi 2 ya utulivu. Kama imewahi kufika mania kamili, sio saiklothaimia tena. ADHD (tatizo la kushindwa kutulia na kuzingatia) inaanza utotoni, DSM inataka dalili kadhaa ziwepo kabla ya miaka 12, na haina ule ukuu wala ile furaha inayofurika. Kwa watoto wenye hasira zisizoisha, DSM-5 iliwawekea jina lao tofauti mwaka 2013 kwa sababu walikuwa wanaitwa bipola kwa wingi mno, hasira ya kila siku peke yake isikufanye uandike mania.

Usiuache mwili

Mania ya kwanza kabisa baada ya miaka 50 hivi, mimi naanza na mwili kabla ya jina lolote la akili. Thairoidi inayofanya kazi kupita kiasi, dawa za steroidi za muda mrefu, dawa za ugonjwa wa Parkinson, madawa ya kuchangamsha, VVU, kaswende iliyofika kwenye ubongo, jeraha la kichwa, kiharusi hasa upande wa kulia. Na ile dimenshia (ubongo kuchakaa) ya sehemu ya mbele ya ubongo inafanana sana kwa mbali, mtu anakosa haya, anatumia hela hovyo, anaongea ovyo, ila kaa naye nusu saa, utaona hajali, huruma imekwisha, mawazo hayakimbii kabisa, anarudia yale yale. Mtu wa mania kichwa chake kimejaa, huyu kimepungua.

Kwa nini jina lina uzito hivi

Kwa sababu jina ndo linachagua dawa. Aliyeandikwa skizofrenia anapewa dawa za saikosisi peke yake miaka mingi na hakuna anayemjaribishia litiamu wala valproeti (dawa nyingine ya kutuliza mania), na mania yake inabaki pale pale imefunikwa tu. Akiandikwa mania, njia zinafunguka: litiamu au valproeti pamoja na dawa ya saikosisi (valproeti iepukwe kwa mwanamke anayeweza kushika mimba, inamdhuru mtoto tumboni), ikishindikana kuna klozapini, dawa ya saikosisi ambayo inataka kipimo cha seli nyeupe za damu mara kwa mara, na kuna tiba ya umeme ambayo watu wanaiogopa kuliko inavyostahili, wakati kwa mania iliyogoma ni moja ya vitu vyenye nguvu tulivyonavyo. Yule kaka wa daftari alianzishiwa litiamu juu ya sindano yake. Mwezi wa tatu dada yake alinionyesha ukurasa, safu ya pembeni ilikuwa na nafasi tupu, tano mfululizo, hakuna R hakuna S, na yeye mwenyewe alikuwa amekaa nyuma ya dada yake kimya akiuliza kama anaweza kurudi kazini.

Kwa vile miongozo haijatupa sanduku, ninachofanya na ninachowaomba wenzangu mfanye ni kuandika kwa maneno: bipola aina ya 1, episodi ya mania inayoendelea, ilianza mwezi fulani mwaka fulani, haijawahi kukatika hata kwa miezi 2 mfululizo, saikosisi imeonekana vipindi hivi na hivi tu, vipimo vya mwili vimefanywa tarehe hii, litiamu ilipimwa ikawa kiasi hiki. Mistari mitano. Anayekuja baada yako hatalazimika kubahatisha upya, na kama dada ana daftari, lipige picha uweke kwenye faili.